Ncha ya Kusini Nyuma ya Duka la Viatu

Nilifanya kazi miaka minne kwenye Ncha ya Kusini ya dunia. Ilikuwa Riyadh, ghorofa ya chini ya jengo la maduka, nyuma ya duka la viatu vya kike. Nje jua linakaanga lami, nyuzi arobaini na tano, na ndani mimi nimevaa koti zito, soksi jozi mbili na kofia ya kuziba masikio, nakwangua barafu kwenye feni. Mtu wa Tanga, mzaliwa wa Chumbageni, ambaye mpaka navuka miaka arobaini barafu pekee niliyoifahamu ni ile ya kwenye glasi ya juisi ya ukwaju.

Mkuu wa chuo chenu ameniomba niwaandikie maneno machache ninyi mnaoanza kujifunza ufundi wa friji na viyoyozi. Machache sijui kuyaandika. Nitaandika kama ninavyoongea, na nikiruka huku na kule mnivumilie. Mzee aliyestaafu habari zake haziendi kwa foleni.

Mtu akikwambia friji inatengeneza baridi, mwitikie kwa heshima, lakini usimpe friji yako aitengeneze. Baridi haitengenezwi. Friji inachukua joto lililomo ndani na kulitupa nje, basi. Ukirudi nyumbani leo tia mkono nyuma ya friji ya mama yako, utalikuta joto la maziwa na la kiporo cha jana limejaa pale. Aliyenifundisha hivyo ni Usta Idrisa, Msudani wa Port Sudan, mkuu wa mafundi wa ukumbi wa theluji ya kutengenezwa, ndiyo hiyo Ncha yangu ya Kusini. Usta ndivyo wanavyomwita fundi mkubwa kule. Alikuwa mtu mkimya, penseli nyuma ya sikio, na daftari la mashine aliliandika kwa mwandiko mzuri kama wa mtu anayenakili msahafu. Kila asubuhi na kila jioni: presha ya gesi, nyuzi za baridi, hali ya kompresa, jina la aliyepima, na chini yake sahihi ya Idrisa mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza alinipa glavu. Nikazitia mfukoni, nilijiona fundi mzima, glavu za nini? Nilikuwa nimetoka kunawa, nikaingia chumba cha nyuma ambako mabomba yana baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, nikashika bomba moja nilichunguze. Bomba nalo likanishika. Vidole vinne vimeganda, sitoki. Nikaita kwa Kiswahili, nikaita kwa Kiarabu kibovu, mwisho nikaita kwa Kibondei, ambacho nadhani Riyadh nzima nilikuwa nacho peke yangu. Usta Idrisa akaja na birika. Akanimiminia mkononi polepole chai ya vuguvugu yenye hiliki mpaka bomba likaniachia.

"Sasa umesalimiana na kazi," akasema. "Vaa glavu."

Kabla ya ukumbi ule, mwaka wangu wa kwanza Riyadh, nilikuwa fundi wa viyoyozi vya dirishani. Tulilala wanane chumba kimoja mtaa wa Al-Murabba, na kazi zetu nyingi zilikuwa mtaa wa Batha, kwenye maduka yale yanayouza kila kitu kuanzia sabuni hadi masanduku ya safari. Huko ndiko nilikojifunzia mabaya yangu yote. Kiyoyozi kikiletwa, gesi iliyomo tunaifungulia hewani. Pshii, dakika mbili, halas, yaani basi, tunaendelea na kazi. Gesi ile haina rangi, haina harufu ya kukusumbua, haikuachii hata doa kwenye shati. Kitu usichokiona kikienda, huulizi kinakwenda wapi.

Ukumbi wenyewe, basi. Palikuwa na mlima mdogo wa theluji wa watoto kuteleza, mawe ya plastiki, milima iliyochorwa ukutani, na chumba cha kioo chenye pengwini wanane. Hao hawakuwa plastiki. Walikuwa hai, wanene, wanatembea kama mahujaji waliochoka, na mlezi wao, Mfilipino aliyeitwa Dani, aliwajua mmoja mmoja kwa jina na kwa tabia. Mmoja alikuwa anamwibia soksi.

Sasa niwaambie kosa langu, maana mzee anayesimulia sifa zake tu anawapotezea muda.

Chumba cha pengwini kilikuwa na mashine yake, mbali na ile kubwa ya ukumbi. Siku moja nilitumwa kubadilisha kipande cha bomba juu ya dari. Kule juu unalala ubavu, tochi umeing'ata kwa meno, na vumbi linakuingia puani. Kuchomelea bomba la shaba kunataka usafi, tena kunataka upitishe nitrojeni taratibu ndani ya bomba wakati unachoma, lisishike masizi. Mtungi wa nitrojeni ulikuwa chini, mzito, na saa ya kula ilikuwa imefika. Nikachoma hivyo hivyo. Nikapaka povu la sabuni upande wa kiungo niliouona, nione kama panatoka mapovu. Upande wa nyuma nikamwachia Mungu, kana kwamba Mungu ameajiriwa na kampuni yetu.

Baada ya wiki tatu presha ikashuka. Hili liandikeni ukutani: gesi ya friji haiishi. Hailiwi, haichakai, haiungui kama petroli. Ikipungua, pana tundu. Nami nilijua pana tundu, nilijua lilipo, na nilijua lilitobolewa na uvivu wa nani. Badala ya kusema, nilipanda na mtungi mdogo nikaongeza gesi, kisha nikaandika daftarini: presha sawa. Usta Idrisa akatia sahihi. Wiki mbili baadaye nikaongeza tena. Ikawa desturi, miezi minne.

Niliogopa huruji, ule muhuri wa kuondoka nchini usirudi. Ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilikuwa mkononi mwa kafili, mwajiri aliyenidhamini, binti yangu ndiyo kwanza ameingia chuo cha uuguzi, na nyumbani nilikuwa nimeshajisifu kwamba mimi ni mtu muhimu huku. Hofu ikishakaa, hutafuta kazi ya kufanya. Yangu ilishika mtungi.

Ndipo alipokuja Mwalimu Mwende.

Alikuwa Mkenya wa Kitui, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya pale Riyadh. Bosi wetu, tuliyemwita Abu Turki, alikuwa amekubaliana na shule kadhaa kuandaa maonyesho kuhusu ncha mbili za dunia na namna zinavyoyeyuka, na Mwalimu Mwende ndiye aliyepewa kazi ya kuandika mabango. Aliingia na abaya nyeusi, raba nyeupe, na mkoba uliojaa kalamu za rangi. Jambo la kwanza aliloliona ni sanamu letu kubwa: dubu mweupe amemkumbatia pengwini.

"Nani amewaoza hawa?" akauliza.

Nikamwambia ni bosi.

"Fundi, dubu huyu ni wa kaskazini. Pengwini ni wa kusini. Hawajawahi kuonana tangu dunia iumbwe."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Labda kwa simu," akasema, na kutoka siku hiyo tukawa marafiki.

Dubu tulimtenganisha na mchumba wake kwa msumeno, tukamhamishia upande wa pili wa ukumbi, penye bango la Kaskazini. Bosi hakufurahi, akasema watoto walimpenda vile alivyokuwa. Mwalimu akamjibu kwamba watoto wanapenda pia kula chaki.

Wiki ile ile ikaja dhoruba ya vumbi. Mnaoijua Riyadh mnaijua: mchana unageuka rangi ya chai ya maziwa. Mtu mmoja akaacha mlango wa mizigo wazi, na asubuhi tukakuta theluji yetu imepigwa poda ya kahawia. Niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiona hata zamani bila kukitilia maanani. Palipochafuka, chini ya taa kubwa, theluji ilikuwa inazama. Palipobaki peupe pamesimama vilevile. Nikamwambia Mwalimu kwamba vumbi linanipa kazi maradufu, natengeneza theluji usiku kucha.

"Wacha nikuonyeshe," akasema. Akatoa mkobani kipande cha kitambaa cheusi, mabaki ya fundi cherehani, na karatasi nyeupe ya ukubwa ule ule. Akavilaza kwenye theluji safi, chini ya taa moja. "Sasa endelea na kazi zako. Tukutane baada ya saa moja."

Baada ya saa moja karatasi ilikuwa juu. Kitambaa kimejichimbia shimo, kimelala humo kama mgonjwa.

"Nyeupe inarudisha mwanga ulikotoka," akanieleza. "Nyeusi inaumeza, inaugeuza joto. Sasa, mzee wangu, fikiria kule kaskazini. Barafu imeelea juu ya bahari, nyeupe pe, inarudisha jua. Dunia ikipata joto, barafu inapungua. Chini yake kuna nini?"

"Maji."

"Ya rangi gani?"

Nikatazama kile kitambaa. "Meusi."

"Basi yanameza jua, yanapata joto zaidi, yanayeyusha barafu nyingine, na maji meusi yanaongezeka. Ikishaanza hivyo inajisukuma yenyewe."

Mimi ni fundi. Mtu akinieleza mashine inayojiharibu yenyewe namwelewa upesi. Nikauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: nani aliiwasha?

"Sisi," akasema. "Moshi wa magari, makaa ya mawe, misitu tunayochoma. Na gesi zenu."

"Zetu sisi akina nani?"

Akanionyesha kwa kalamu. Alikuwa anaonyesha mtungi mdogo uliokuwa pembeni ya buti langu. Nilikuwa njiani kwenda darini.

"Hiyo ikitoka hewani inafunika dunia kama blanketi. Kilo moja tu ya gesi za aina hiyo inashika joto sawa na maelfu ya kilo za hewa ukaa. Si mnajua? Hamkufunzwa?"

Nilibeba mtungi wangu nikaenda zangu, ila darini sikupanda. Nilikaa kwenye ngazi ya chini nikapiga hesabu ya mitungi ya miezi minne, kisha nikakumbuka Batha, pshii zote zile, nikaacha kuhesabu. Hapa mnaona ulipofikia upuuzi wangu: nimeajiriwa kuwapoza pengwini wanane, na kwa siri nachangia kuwachemshia ndugu zao kule kwao.

Nilimwambia Usta Idrisa siku hiyo hiyo, baada ya sala ya adhuhuri. Nilitegemea anigombeze. Alifungua daftari, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akiweka kidole kila palipoandikwa "presha sawa", na chini yake sahihi yake. Alipofika mwanzo akalifunga.

"Tundu ni lako," akasema. "Uongo huu una jina langu."

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga kofi likaniuma kama maneno yale. Kisha akasimama. "Twende kwa bosi. Utaongea wewe."

Abu Turki alikuwa ofisini na kahawa yake. Nikasema yote. Akanisikiliza huku anazungusha tasbihi, na nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Maonyesho ni Alhamisi. Leo Jumatatu. Ukijaza gesi leo, itafika Alhamisi?"

"Huenda, bosi."

"Basi jaza, halas. Mkimaliza maonyesho mtatengeneza."

"Mafi halas, hakuna cha basi hapa," akasema Usta Idrisa. Sikuwahi kumsikia akimpinga bosi. "Gesi inayorudi ndiyo inayopoza mota ya kompresa. Ikiwa chache mota inaungua. Ikiungua Jumatano, utakuwa na wageni wako na chumba cha pengwini waliokufa."

Bosi akatutazama kwa zamu. Mwisho akatupa siku moja, Jumanne. Pengwini wasipokuwa mahali pao Jumatano asubuhi, mimi na Idrisa tutakuwa uwanja wa ndege pamoja.

Ili ufungue bomba lazima kwanza uitoe gesi yote iliyomo. Njia fupi mnaijua. Njia ndefu inataka mashine ya kuivuta gesi na kuirudisha kwenye mtungi, nasi hatukuwa nayo. Jioni ile nilizunguka Batha duka kwa duka mpaka nikaipata kwa fundi mmoja wa Kipakistani. Alikuwa anaitumia kuwekea vikombe. Aliponiona naifuta vumbi akacheka. "Rafiki, hii tulipewa zamani. Hakuna aliyewahi kuiwasha. Inafanya nini?" Nikamwambia nami nitajua kesho.

Jumanne alfajiri tukawahamisha pengwini. Dani alikuwa amepata gari la friji la duka la vyakula lililokuwa jengo lile lile, limeegeshwa nyuma, limepozwa vizuri. Tatizo ni kwamba lilikuwa gari la kuku waliogandishwa, na ubavuni pamechorwa kuku mkubwa anayetabasamu. Tukawatembeza mstari mmoja kwenye korido ya mizigo, Dani mbele na ndoo ya samaki, mimi nyuma nimetandaza mikono. Mahali pa kupinda tukakutana na dada mmoja Mkenya, Akinyi, mfanyakazi wa nyumbani wa madam mwenye duka la viatu. Alikuwa amebeba maboksi hadi kidevuni. Akasimama.

"Wololo! Fundi, hizi ni kuku za wapi?"

"Za Ncha ya Kusini."

"Na zimevaa suti hivyo zinaenda wapi asubuhi yote hii?"

"Kwenye gari la kuku."

"Waaah!" Akawatazama wanavyopita, mmoja mmoja, kwa huruma ya kweli. "Poleni sana, wapendwa."

Saa moja nikawasha mashine ya Mpakistani. Ilikohoa, ikatetemeka, ikaanza kuvuta. Polepole mno. Saa tatu mshale wa geji ulikuwa haujafika hata nusu. Tena dereva wa gari la kuku akatuletea habari: baada ya sala ya alasiri lazima aondoke, ana mzigo wa kupeleka Al-Kharj.

Abu Turki akashuka mwenyewe. "Kwa nini inachukua muda?"

Nikamweleza.

"Fungua hiyo vali iende zake. Dakika kumi. Hewa ni kubwa."

Mkono wangu ulikuwa kwenye vali. Nataka muelewe kwamba nilijaribiwa. Ikama yangu, ya Idrisa, pengwini ndani ya gari la kuku, saa inakwenda, na vali yenyewe laini, robo mzunguko tu. Nikamtazama Usta Idrisa anisaidie. Hakunisaidia. Alikuwa ananoa penseli yake.

"Bosi," nikasema, "miezi minne nimeitoa ya kutosha. Hii iliyobaki naomba niirudishe mtungini."

Alisema maneno fulani ya Kiarabu ambayo mpaka leo sijamuuliza mtu maana yake, akaondoka.

Gesi ilikwisha kutoka saa tano na nusu. Nikapanda darini na mtungi wa nitrojeni begani, mzito vilevile kama zamani. Nikakata kile kiungo, nikachomelea kipya huku nitrojeni inapita ndani, taratibu, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Povu la sabuni mbele, povu nyuma, nikatumia kioo kidogo cha kunyolea kuona upande ule nisiouona. Hakuna hata povu moja. Tukafunga pampu ya kufyonza hewa, na pampu haiharakishwi. Hapo ndipo mafundi wengi huiba dakika. Msiibe. Unyevu ukibaki ndani utakula mashine yako kimya kimya.

Alasiri ikaadhiniwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tunarudisha gesi. Chumba cha kioo kilikuwa na joto la sebule, na dereva anapiga honi.

Mwalimu Mwende alikuwa amekuja kupachika mabango yake. Akasikiliza tunavyobishana, akatazama ukumbi mkubwa, wenye theluji na mashine yake nzima. "Si muwalete hapa tu? Fungeni kamba. Watu wakae upande huu, wao upande ule."

"Familia zimeshaingia," akasema bosi.

"Ndiyo maana nasema kamba."

Sijui kama alikubali au alichoka tu kukataa. Dani akawashusha pengwini kwenye gari, wakaingia ukumbini kwa mstari, na walipoukuta mlima wa theluji wakalala kifudifudi wakateleza. Mmoja baada ya mwingine, wanane wote. Kisha wakapanda tena. Watoto walipiga kelele hadi nikasikia kutoka darini. Wazee wa Riyadh wakaacha heshima yao wakatoa simu kupiga picha. Nilipochungulia nilimwona Abu Turki amesimama karibu na kamba, anapokea pongezi, anaeleza kwamba ni mpango aliokuwa nao siku nyingi.

Magharibi chumba cha kioo kilikuwa nyuzi mbili. Usta Idrisa akanipa daftari na penseli. Nikaandika yote, na ya miezi minne nyuma nikayaandika pia, kwa jina langu. Akasoma. Akatia sahihi.

Maonyesho yalifana. Mwalimu aliweka mabeseni mawili yaliyojaa maji hadi ukingoni. Katika moja barafu inaelea, katika jingine barafu imewekwa juu ya jiwe lililochomoza. Akauliza lipi litafurika. Bosi, mbele ya walimu wote, akasema yote mawili. Barafu zikayeyuka. Lile la barafu ya kuelea likabaki vilevile, lile la jiwe likamwaga maji hadi kwenye viatu vya bosi. "Iliyokwisha kuelea haiongezi kina," Mwalimu akawaambia watoto. "Ya nchi kavu, ile iliyolala juu ya ardhi kule kusini na kwenye visiwa vya kaskazini, ikishuka baharini ndiyo inayopandisha kina cha bahari." Nikawaza Tanga yetu, ilivyokaa usawa wa maji, nikahisi baridi ambayo haikutoka kwenye mabomba.

Wiki iliyofuata bosi aliniita. Hakunipa huruji. Alinihamishia tawi la Jeddah, viyoyozi vya mapaa. "Pengwini wanahitaji mtu ambaye daftari lake silitilii shaka," akasema. Ilikuwa haki.

Usta Idrisa hakunywa chai na mimi mpaka nilipoondoka. Jeddah nilikaa miezi mitano bila kusikia sauti yake. Kisha mchana mmoja simu ikalia. Hakusalimia sana. Kompresa ya ukumbi ilikuwa inavuma isivyo kawaida, akanieleza sauti yake, akaniuliza: wewe unafikiri nini? Mimi, wa "presha sawa". Nikajibu kwa makini kuliko mtihani wowote. Akasema, "Nami nilifikiri hivyo," akakata. Vijana, fundi anayekuuliza swali la kweli hahitaji tena kukwambia amekusamehe.

Jeddah ni joto la aina nyingine, joto lenye majimaji. Kazi zetu nyingi zilikuwa Al-Hindawiyah, kwenye nyumba kuukuu ambazo mapaa yake yamejaa viyoyozi kama soko la mbuzi. Kiongozi wetu alikuwa Myemeni, Nasser, fundi hodari, mwenye mdomo. Siku ya kwanza nilipomwomba asifungulie gesi hewani alicheka hadi akakaa chini. Akanipachika jina, Daktari wa Hewa. Kila akifungua vali ananigeukia: "Daktari, mgonjwa wako anapumua!" Wenzetu watano wanacheka. Mimi gesi ya viyoyozi vyangu naivuta kwa mashine kama ile ya Mpakistani, naandika daftarini. Ikaenda hivyo karibu mwaka mzima.

Wakati huo Mwalimu Mwende alikuwa amepata safari ya masomo, yeye na walimu wengine, kwenda kaskazini ya mbali kabisa. Siku moja, saa tano ya asubuhi, tuko juu ya paa tunajiandaa kufungua mashine kubwa ya jengo zima, simu yangu ikaingia ujumbe wake wa sauti. Nikauweka kwa sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na grisi.

"Mzee Hemedi, niko ndani ya boti ndogo," alisema. "Mbele yangu kuna vipande vya barafu ya nchi kavu vilivyoanguka baharini. Nyamaza usikilize."

Ikaja sauti. Tss, tss, pa, tss, nyingi, ndogo ndogo, kama mtu anakaanga samaki nyumba ya jirani.

"Ni hewa hiyo," akaendelea. "Ilifungwa ndani ya barafu zamani sana, kabla ya babu zetu na babu zao. Barafu ikiyeyuka inatoka. Mwenye boti, mzee kama wewe, anasema alipokuwa kijana hapa tulipo alikuwa anasimama. Barafu tupu. Leo tunaelea. Anasema sauti hii sasa ni kiangazi chote, mchana kutwa."

Wenzangu waliuliza anasema nini. Nikawatafsiria kwa Kiarabu changu, kisha wakaomba waisikie tena ile sauti. Nikaicheza mara ya pili. Mafundi saba juu ya paa, jua la Jeddah utosini, tumeinamia simu. Hakuna kati yetu asiyejua gesi inavyolia ikiwa inatoka mahali.

Nasser alikuwa ameshafunga mpira kwenye vali ya ile mashine kubwa, tayari kuifungulia. Nilingoja utani wake. Aliufungua mpira, akauviringisha mkononi, akashuka ngazi. Tulisikia viatu vyake ghorofa baada ya ghorofa, hadi chini. Aliporudi alikuwa ameloa jasho, mtungi mtupu begani, na mkono mwingine unaburuza ile mashine yangu ya kuvutia gesi.

"Nionyeshe inavyofungwa," akaniambia.